Ukikabidhiwa Boksi la Klabu ya Dansi

Siku utakayokabidhiwa boksi hutaambiwa kwamba ni kazi. Utaambiwa, "Wewe unaandika vizuri, hebu tazama mna nini humu," kisha utawekewa mezani boksi la kadibodi lililowahi kubeba ndizi au chupa za mvinyo, ubavuni limeandikwa jina la klabu kwa kalamu nene. Langu nilipewa jioni moja ya Novemba, baada ya mazoezi, katika ukumbi wa kanisa wa mji mdogo huko Fife, mashariki mwa Uskoti. Nilikuwa na misimu mitatu tu katika klabu ile. Klabu ilikuwa inajiandaa kusherehekea umri wake, na hakuna aliyekuwa na hakika ni umri wa miaka mingapi.

Nayaandika haya kwa ajili yako wewe uliyefika Uskoti kwa kazi au masomo, mwenzako akakualika usiku wa baridi kwenye dansi ya vikundi ya Kiskoti, Scottish country dance, ukaipenda, na leo unaombwa uandike historia ya watu waliokupokea. Mimi ni muuguzi, mzaliwa wa Tanga, sikusomea historia. Kazi ile ilinichukua majira mawili ya baridi, na yapo mambo ambayo laiti ningaliambiwa mapema yangeniokolea miezi mingi.

Usianze na karatasi. Cheza kwanza. Mimi nililifungua boksi kesho yake asubuhi, nikasoma daftari la mihtasari ya vikao kurasa arobaini, na sikuelewa watu hawa walikuwa wakigombania nini. Mkutano mzima ulijadili kama mwalimu afundishe hatua kwa robo saa au kwa nusu saa kabla ya dansi zenyewe. Nikaona ni jambo dogo, nikaliruka. Msimu uliofuata, mwalimu wetu alipotusimamisha mstari mmoja kutufundisha upya hatua ya strathspei, ile dansi ya taratibu iliyopewa jina la bonde la mto Spey, nikaelewa kwa miguu yangu. Strathspei haikimbiliki. Mguu unatoka, unavutwa, mwili unapanda kidogo na kushuka, na yote hayo yanatakiwa yaonekane mepesi. Unaweza kuitafuta miaka mitano. Sasa fikiria ukumbi wenye watu waliotoka kazini wamechoka: nusu wanataka dansi ipendeze, nusu wanataka wacheke na kutoka jasho kabla ya chai. Ubishi wa robo saa na nusu saa ulikuwa ubishi wa klabu ni ya nini. Nilirudi kwenye zile kurasa nilizoziruka, na safari hii kila sentensi ilikuwa na maana.

Basi tufahamiane tunazungumzia dansi gani, maana magazeti ya zamani yanachanganya na wewe utachanganya. Si ile ya mchezaji mmoja anayeruka juu ya panga mbili zilizolazwa sakafuni kwenye mashindano. Hiyo ni ya nyanda za juu, na ina walimu wake na historia yake. Si keili ya harusini pia, ambako mshereheshaji anawaelekeza watu papo hapo na kosa halimkeri mtu. Hii ni dansi ya kikundi, ambayo kwa kawaida huchezwa na jozi nne, mstari wa wanaume upande mmoja na wa wanawake upande wa pili wakitazamana. Kundi hilo huitwa seti. Jozi ya kwanza hucheza na jirani zake, hushuka nafasi moja, hucheza tena, kisha huenda chini kabisa na jozi inayofuata hupata zamu yake. Dansi nyingi zina vipimo 32 vya muziki, na jozi nne zikicheza mara mbili mbili ni mara 8. Ndiyo maana kwenye programu za zamani utakuta herufi na namba kama "R 8x32": ni rili, dansi ya kasi, ya vipimo 32, ipigwe mara nane. J ni jigi, nayo ya kasi, S ni strathspei. Alama hizo ziliandikwa kwa ajili ya bendi, na kwako ni ufunguo.

Nilipozisikia kwa mara ya kwanza akodiani na fidla za bendi yetu nilisimama tu mlangoni na koti langu. Kwetu pwani vyombo hivyo ni vya taarabu. Sikutarajia kuvikuta vimeketi pamoja kwenye ukumbi wa kanisa, nje theluji inaanguka. Nakutajia hili kwa sababu una hazina yako unapoingia kwenye kazi hii, usiiache mlangoni. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Wenyeji wamezoea mambo yao kiasi kwamba hawaoni tena kuwa ni mambo. Wewe ndiye utakayeuliza kwa nini watu hupeana mikono kwa urefu wa bega, kwa nini kila dansi huanza na kuishia kwa kuinamiana, kwa nini chai hunywewa katikati na si mwisho. Kila moja ya maswali hayo ilinipa nusu ukurasa.

Swali langu zuri kuliko yote nililitoa nyumbani. Mombasa ya zamani, enzi za beni, zile ngoma zilizoiga bendi za kijeshi, kulikuwa na vyama viwili vilivyoshindana vikali, Kingi na Skochi, na hao Skochi walijiita kwa jina la Waskoti na kuiga mavazi ya askari wao. Kila mtu wa pwani aliyesikia habari za beni anajua kwamba huwezi kukieleza chama bila kumtaja mshindani wake. Kwa hiyo niliacha kuwauliza wazee "klabu ilikuwaje?" nikawauliza "mlikuwa mnashindana na nani?" Hapo ndipo midomo ilipofunguka. Kulikuwa na darasa la mji wa jirani lililokuwa na sakafu bora ya mbao. Kulikuwa na bendi iliyonyang'anywa tarehe. Kulikuwa na mwalimu aliyefundisha kote kuwili, na kila upande unaapa kwamba wao ndio waliopendwa zaidi. Nilijaza kurasa kumi na nne kwa wiki moja.

Kabla ya kuandika habari za klabu yako, jua habari za dansi yenyewe, kwa sababu utaambiwa mambo mengi mezani ambayo si kweli. Utaambiwa kwamba dansi hizi ni za kale mno, tena za Waskoti peke yao. Waheshimu wanaosema hivyo, lakini usiandike hivyo. Dansi za mistari miwili zilivuma England katika karne ya 17; John Playford alizichapisha London mwaka 1651. Edinburgh ilizipokea kwa nguvu karne iliyofuata, kwenye kumbi za mikusanyiko ya watu wenye nafasi, na Waskoti wakazitia rili zao, strathspei zao na hatua zao mpaka zikawa kitu kingine. Walimu wa dansi walitembea kijiji hadi kijiji na fidla mkononi, wakifundisha watoto na watu wazima kwenye maghala na vyumba vya shule. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, dansi mpya za ukumbini, nyingi zikitoka Marekani, zilianza kuzisukuma pembeni.

Tarehe 26 Novemba 1923 watu walikutana Glasgow, kwenye jengo la Athenaeum, wakaunda chama cha kuzilinda, Scottish Country Dance Society. Wanawake wawili ndio walioubeba mzigo: Ysobel Stewart wa Fasnacloich, aliyezitaka dansi hizo kwa ajili ya wasichana wa skauti, na Jean Milligan, mwalimu wa mazoezi ya viungo aliyefundisha walimu chuoni Glasgow. Kitabu cha kwanza cha chama kilitoka mwaka 1924. Shule ya kiangazi ya St Andrews, hapo hapo Fife kwetu, ilianza mwaka 1927, na bado ipo. Mwaka 1951 chama kikapewa heshima ya kujiita cha Kifalme. Bi Milligan aliendelea kufundisha na kukagua hatua za watu mpaka uzeeni. Alifariki mwaka 1978.

Chama hicho kilifanya jambo kubwa sana, na lazima uelewe upande wake wa pili. Kilikusanya dansi kwenye miswada ya zamani na kwenye kumbukumbu za wazee, kikazichagulia umbo moja, kikazichapisha. Bila hivyo nyingi zingepotea. Lakini kijiji kilichokuwa na namna yake ya kucheza Petronella kiliambiwa kwamba namna sahihi ni hii ya kitabuni. Ukikutana na mzee anayekuambia "kwetu tuliigeuza hivi," usimwoneshe kitabu. Simama, mwombe akuoneshe, andika kila mguu. Hicho anachokuonesha pengine hakimo kwenye karatasi yoyote duniani. Mimi nilimkosoa mmoja. Alitabasamu, akasema labda amesahau, na hakuonesha tena.

Angalia pia klabu yako ni kitu gani. Yapo matawi kamili ya chama, yapo makundi yaliyojiunga nacho, na zipo klabu zinazojitegemea ambazo zilikuwa darasa la jioni, au kikundi cha akina mama wa kijiji, au wafanyakazi wa kiwanda kimoja. Watu huyachanganya, hata wanachama wa miaka thelathini. Yetu ilianza kama darasa la jioni, ikajiita klabu baadaye, ndiyo sababu ya wazee kubishana kuhusu umri wake: mmoja alihesabu tangu darasa, mwingine tangu kikao cha kwanza chenye katibu. Sikuamua nani ni mkweli. Niliandika zote mbili, na sherehe ikafanyika kwa hesabu ya kikao cha kwanza kwa sababu ndiyo iliyokuwa na karatasi.

Sasa boksi. Wengi hukimbilia mihtasari kwa kuwa imefungwa vizuri na ina tarehe. Mimi nakushauri uanze na programu za dansi, vile vikaratasi vidogo vilivyokunjwa katikati, vingine bado vina kipande cha uzi pale ilipofungwa penseli ndogo. Mihtasari inakueleza watu walibishania nini. Programu inakueleza walipenda nini. Nilizipanga zote sakafuni nyumbani kwangu, nikaandika kila dansi na imetokea mara ngapi. Ghafla nikawaona watu. Kulikuwa na miaka ambayo programu ilijaa dansi za vitabu vya mwanzo tu, kisha anakuja mwalimu mpya na nusu ya dansi zinabadilika kwa msimu mmoja, kisha, taratibu, zile za zamani zinarudi kama maji. The Dashing White Sergeant, ambayo huchezwa watatu kwa watatu na haihitaji jozi ya mwanamume na mwanamke, haikukosa hata mwaka mmoja. Ukishajua jinsi wanaume walivyokuwa wachache kwenye klabu hizi, hutashangaa.

Programu nyingi hazina mwaka. Zitakuwa na "Ijumaa 14 Februari" na saa ya kuanza, basi. Usikate tamaa. Ikiwa jina la chama limetajwa pamoja na neno la Kifalme, si kabla ya 1951. Bei ikiwa kwa shilingi na peni za zamani, ni kabla ya 15 Februari 1971. Siku ya wiki na tarehe zikikaa pamoja zinakubakishia miaka michache tu kwenye kalenda. Dansi zenyewe pia zina umri: kila iliyochapishwa ina kitabu chake na mwaka wake, hivyo dansi changa kuliko zote kwenye programu ndiyo inayokuambia karatasi haiwezi kuwa ya kabla ya hapo.

Hapo nilikutana na The Reel of the 51st Division, na nakuomba ukiikuta usiipite haraka. Juni 1940 sehemu kubwa ya divisheni ya 51 ya Waskoti wa nyanda za juu ilizingirwa na kutekwa na Wajerumani huko St Valéry-en-Caux, kwenye pwani ya Ufaransa. Maofisa kadhaa walifungwa kwenye ngome ya Laufen, Bavaria, na humo, wakiwa wanaume peke yao, wakatunga dansi. Katikati ya dansi wachezaji hunyoosha mikono na kushikana kimshazari, na kwa muda mfupi mistari yao inachora msalaba wa Mtakatifu Andrea, ule wa bendera ya Uskoti. Chama kiliichapisha vita vilipokwisha, na tangu hapo inachezwa kila mahali. Kwenye programu yetu ilikuwa mstari mmoja, namba tisa, kabla ya chai. Mzee mmoja wa klabu, ambaye baba yake alikuwa mateka kwa miaka mitano, aliniambia kwamba nyumbani baba hakusimulia vita hata siku moja, ila dansi hiyo ikipigwa alikuwa lazima asimame. Ukiandika historia, mstari kama ule unastahili ukurasa mzima.

Hesabu za fedha zitakutisha mwanzoni. Kabla ya 1971 pauni moja ilikuwa shilingi 20, na shilingi moja ilikuwa peni 12, na peni iliandikwa kwa herufi d kutokana na dinari ya Kirumi. Ukiona 2/6 ni shilingi mbili na peni sita. Shilingi yetu ya Afrika Mashariki ilizaliwa mwaka 1921 ikiwa 20 kwa pauni kama ile ile, ila sisi tuligawanyiwa senti 100, jambo lililokuwa rahisi zaidi. Usijumlishe kama unavyojumlisha leo, utakosea kila safu. Lakini soma kila mstari wa mhazini, maana mhazini haandiki maneno mazuri, anaandika kilichotokea. Makaa ya kupasha ukumbi moto. Maziwa ya chai. Nauli ya mpiga piano. Msimu wa 1984 hadi 1985, wachimba makaa wa Fife walipokuwa kwenye mgomo ule mrefu, daftari letu la ada lina alama ndogo ya nyota mbele ya nafasi kadhaa, bila majina na bila maelezo, na jumla ya mwaka ni pungufu kwa kiasi hicho hicho. Mhazini wa wakati ule alikuwa bado hai. Nilimwuliza. Akaniambia, "Hao walicheza, na hiyo ndiyo ilikuwa ada yao." Niliandika hivyo hivyo, na majina sikuuliza.

Fife imekaa kati ya maji mawili, na hilo nalo nililipata kwenye hesabu. Daraja la barabara la Forth lilifunguliwa mwaka 1964 na la Tay mwaka 1966. Kabla ya hapo kwenda Dundee ilikuwa treni au kivuko, na dansi ikiisha usiku lazima ufikirie utarudije. Baada ya 1966 orodha za wageni zinabadilika, bendi kutoka ng'ambo zinaonekana, na klabu inaanza kukodi basi. Hakuna muhtasari hata mmoja unaosema "daraja limetubadilisha." Ilibidi niweke orodha mbili kando kwa kando ndipo nikaona. Kama ungependa kuusikia muziki wa enzi hiyo, tafuta rekodi za Jimmy Shand, kijana wa East Wemyss aliyeanza kazi kwenye mgodi wa makaa na kuishia kuwa mpiga akodiani aliyejulikana kuliko wote Uskoti. Alizaliwa 1908, akafa mwaka 2000. Sanamu yake ipo Auchtermuchty, alikoishi. Wazee wetu wakimtaja hawasemi jina la ukoo.

Mihtasari sasa. Isome mwisho, baada ya vingine vyote, na uisome polepole, kwa kuwa imeandikwa na watu waliokuwa wakiishi mji mmoja na kukutana dukani kila siku. "Suala lilijadiliwa kwa kirefu" maana yake walipigiana kelele. "Katibu alishukuriwa kwa huduma yake" huenda maana yake aliondoka kwa hasira, na huenda pia hakuna lolote. Na hapo ndipo nilipofanya kosa ninalolijutia. Kwenye ukurasa mmoja kulikuwa na mjadala mkali wa nani achague dansi za sherehe, na chini yake taarifa kwamba mwalimu wa kwanza wa klabu amejiuzulu. Niliandika kwamba alijiuzulu kwa sababu ya ugomvi ule. Rasimu ikasambazwa. Mpwa wake, mama mtu mzima, alinijia baada ya mazoezi akaniambia kwa upole kwamba shangazi yake aliacha ili amwuguze mama yake aliyepooza, akamwuguza miaka sita, na siku zote alitamani kurudi. Mambo mawili yakiwa kwenye ukurasa mmoja si lazima moja limezaa jingine. Mimi ni muuguzi, ningepaswa kulijua hilo kuliko wote. Tangu siku ile sikuandika neno "kwa sababu" bila ya kuwa na mtu au karatasi inayolisema.

Utakwama pia kwenye majina. Katika karatasi za zamani mwanamke aliyeolewa huandikwa kwa jina la mumewe pamoja na herufi ya kwanza ya mumewe, hivyo mwenyekiti wa kike aliyeongoza klabu miaka kumi na moja anaonekana kana kwamba hakuwa na jina lake mwenyewe. Usikubali kuliacha hivyo. Nenda maktaba ya mji, omba magazeti ya zamani ya eneo lile; siku hizo magazeti madogo yaliripoti kila dansi, nani alipiga, nani alikata keki, nani alitoa shukrani, na tangazo la harusi litakupa jina alilozaliwa nalo. Nilifanikiwa kuwarudishia majina yao wanawake tisa kati ya kumi na mmoja. Hiyo ndiyo sehemu ya kitabu chetu ninayoipenda zaidi.

Kuhusu wazee, anza nao mapema kuliko unavyopanga. Wawili walifariki kabla sijafika kwao, na mmoja nilikuwa nimeahirisha kwa ajili ya zamu ya usiku. Omba ruhusa kabla ya kurekodi, taja tarehe na nani yumo chumbani mwanzo kabisa wa rekodi, na usiende mikono mitupu. Peleka programu au picha. Huku watu huitana kwa majina bila kujali umri, na utaambiwa umwite mama wa miaka 88 kwa jina tupu. Mimi lilinishinda. Nilimwomba nimwite Bibi, nikamweleza neno hilo kwetu lina uzito gani, akanyamaza kidogo, akasema hakuna aliyemwita hivyo maana hakujaaliwa mtoto wala mjukuu. Akawa Bibi mpaka mwisho.

Huyo Bibi nilimwuliza kuhusu dansi moja iliyotungwa na mwalimu wetu wa pili, ambayo jina lake lipo kwenye programu saba na maelezo yake hayapo popote. Alisema amesahau kabisa. Nikaweka simu mezani, nikapiga muziki wa jigi, tukaendelea na chai. Baada ya muda akaanza kusogeza vikombe. Alipanga vikombe vinne huku na vinne kule, akakishika cha kwanza, akakipitisha nyuma ya cha pili, akakivusha katikati. "Hapana, subiri," akakirudisha. Mikono ilikuwa inajua kile ambacho kichwa kilikuwa kimekiacha. Nilichora kila mwendo kwenye bahasha ya dawa zake. Vipimo vinane vya mwisho hakuvipata. Tulivipata kwa mwanachama mwingine, aliyevikumbuka vinane tu hivyo hivyo. Dansi hiyo tuliicheza kwenye sherehe, Bibi akiwa kwenye kiti chake pembeni akihesabu kwa vidole.

Picha zina tabia zake. Usiandike nyuma yake kwa kalamu ya wino, tumia penseli laini, na usiguse gundi wala selotepu. Pini na vibanio vya chuma vitoe, hushika kutu, na nyumba za Uskoti zina unyevu kuliko unavyodhani, kwa hiyo boksi lisikae darini wala chini ya jukwaa la ukumbi, mahali ambapo langu lilikuwa limekaa miaka mingi. Ukitaka kujua waliomo, waoneshe watu tofauti mmoja mmoja, kila mtu peke yake, ukilinganisha baadaye. Ukiwaweka pamoja watamfuata mwenye sauti kubwa. Na kilti, ile sketi ya kiume ya Kiskoti, isikudanganye: mtu kuvaa tartani fulani, yaani kitambaa cha mirabaraba, hakuthibitishi kwamba ni wa ukoo huo. Wengine waliazima.

Utafika mahali uulize nini kiachwe. Klabu yetu iliwahi kugawanyika, nusu wakaondoka kwenda kuanzisha darasa jingine. Waliohusika wengine wapo, na watoto wao wanacheza pamoja sasa. Niliandika kwamba mgawanyiko ulitokea, ulihusu nini kwa mtazamo wa pande zote mbili, na sikutaja nani alisema nini. Rekodi za mahojiano yenyewe nilizifunga kwenye bahasha zenye maelekezo ya lini zifunguliwe. Baadhi ya wanakamati walitaka sura hiyo iondolewe yote. Nilikataa, kwa heshima, na nikawapa wasome kabla haijachapwa. Klabu isiyowahi kugombana haikuwa na watu walioijali.

Mwisho, usisahau kwamba na ninyi mnatengeneza karatasi za boksi. Machi 2020 kumbi zote zilifungwa kwa ajili ya korona, na dansi inayotegemea kushikana mikono ilikuwa ya kwanza kusimama na karibu ya mwisho kurudi. Tulikutana kwa Zoom, kila mtu jikoni kwake akicheza na kiti badala ya mwenza. Hakuna aliyeandika muhtasari wa jioni zile. Kilichobaki ni ujumbe wa simu na barua pepe, vitu ambavyo mtu akibadilisha simu vinapotea. Nilizichapisha zile nilizoruhusiwa, nikaziweka kwenye jalada la mwisho, pamoja na orodha ya waliorudi jioni ya kwanza ukumbini na majina ya wanne ambao hawakurudi. Juu yake niliweka daftari tupu na penseli laini, na karatasi inayosema nani ana ufunguo wa kabati.